Bonde Lililoachwa Wazi katika Ramani

Mtu ajengaye nyumba huuliza kwanza maji ya mvua yatapita wapi. Apangaye mji mzima hana budi kuuliza neno lilo hilo, tena kwa ajili ya watu elfu nyingi, na wengine hawajazaliwa bado. Kazi yake huitwa mpango mkuu wa mji. Ni ramani iliyotiwa rangi, ionyeshayo mahali pa nyumba, pa viwanda, pa masoko na pa njia kuu. Huonyesha pia mahali ambapo mtu asijenge kamwe.

Tuutazame mji wa Dar es Salaam, bandari ya Bahari ya Hindi. Si mgeni kwetu watu wa Kongo: mwaka 1921 Wabelgiji walipewa gati lao pale, na mizigo ya mashariki ya Kongo ilivuka ziwa Tanganyika, ikapita Kigoma, ikafuata reli mpaka pwani.

Mpango mkuu wa kwanza wa mji huo ulitolewa mwaka 1949, wakati wa Waingereza. Uliacha nafasi wazi kati ya mitaa ya Wazungu, Wahindi na Waafrika, ati za kupitisha hewa. Hewa ilipita kweli, lakini watu walitengwa pia. Baada ya uhuru zikafuata ramani za mwaka 1968 na 1979, zote mbili kazi ya wataalamu wa Kanada. Ile ya 1979 iliandika bonde la mto Msimbazi kuwa mahali pa hatari, pasipofaa nyumba.

Na kweli hapafai. Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu, ukapita katikati ya mji, ukaingia baharini karibu na daraja la Selander. Wakati wa kiangazi ni kijito tu, mtoto huweza kukivuka. Lakini mvua zikinyesha huko juu, mto hufura, ukaleta mchanga na takataka, na maji yakatandaa Jangwani, kati ya Kariakoo na Magomeni, hata njia ya Morogoro ikafungwa.

Mbona basi watu walijenga humo? Mwaka 1967 mji ulikuwa na watu yapata 273,000. Mwaka 2022 walihesabiwa zaidi ya milioni 5. Viwanja vilivyopimwa, yaani lupango kama tusemavyo kwetu, havikutosha hata kidogo. Mpango wa 1979 ulikuwa wa miaka 20. Ulipokwisha, hapakuwa na mwingine wa kushika mahali pake. Na bonde li karibu na soko la Kariakoo: mchuuzi huamka alfajiri, akaenda kwa miguu, nauli yake ikabaki mfukoni. Tusimwite mjinga. Ramani ilimwambia mahali asipokae. Haikumwonyesha pa kukaa.

Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, na watu zaidi ya 40 wakafa. Serikali ikawapa wenyeji wa bonde viwanja Mabwepande, mbali upande wa kaskazini. Wengine walihama na kubaki huko. Wengine walirudi bondeni, maana kazi yao haikuhama pamoja nao.

Wala si maskini peke yao waliosahau ramani. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, karakana yao kubwa ilikuwa imejengwa Jangwani papo hapo, na maji yakaingia humo si mara moja.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo: kujenga daraja refu zaidi Jangwani, kuihamisha karakana, kuchimba mkondo wa mto, na kuweka bustani ya watu wote chini bondeni. Katika hesabu hiyo imo fidia ya wenye nyumba, ili kila mmoja apate mahali pengine kabla nyumba yake haijabomolewa.