Kwa Nini Punje za Plastiki Hupitishiwa Nitrojeni

Mlinganyo wa kutengeneza polietilini unaujua: molekuli nyingi za ethini (C₂H₄) huungana kuwa mnyororo mmoja mrefu. Kwenye daftari kazi imekwisha. Kiwandani bado, kwa sababu si ethini yote inayoungana. Punje zinapotoka kwenye tangi la mmenyuko huwa zimebeba ethini iliyobaki, na mara nyingi heksini (C₆H₁₂), ambayo huongezwa ili kubadili sifa za plastiki.

Punje hizo zikihifadhiwa kwenye kihenge zilivyo, gesi itatoka polepole na kuchanganyika na hewa. Ethini ikifikia takriban asilimia 2.7 ya mchanganyiko huo, cheche moja yaweza kuulipua. Cheche yenyewe haiko mbali: punje zikisuguana bombani huzalisha umeme tuli.

Kwa hiyo punje humiminwa juu ya tangi refu la wima, zikashuka kwa uzito wake, huku nitrojeni ikiingizwa chini na kupanda katikati yake. Hapa ndipo mada ya usambaaji inapokusaidia. Gesi hutoka mahali penye ukolezi mkubwa, yaani ndani ya punje, kwenda penye ukolezi mdogo. Nitrojeni huibeba gesi iliyotoka, hivyo ukolezi wa nje haupandi na usambaaji hauzimiki. Zingatia pia kwamba punje zilizokaribia kuwa safi, zile za chini, ndizo zinazokutana na nitrojeni ambayo haijabeba kitu.

Joto huharakisha molekuli, lakini likizidi punje hulainika na kugandana. Heksini, inayochemka kwa 63 °C, huchelewa kutoka kuliko ethini, inayochemka kwa −104 °C. Gesi zilizokusanywa zikigandamizwa na kupozwa, heksini hugeuka kimiminika kwanza na kurudishwa kazini.

Ukiulizwa kwa nini isitumike hewa, usijibu tu kwamba nitrojeni ni nyingi. Hewa nayo ni nyingi, tena ya bure. Taja oksijeni: hewa inayo, na ndiyo inayowezesha mwako. Nitrojeni haichochei mwako, wala haimenyuki na ethini katika hali hiyo.

Kwa PVC hatari ni nyingine. Mwaka 1974 ilibainika Marekani kwamba wafanyakazi waliovuta kloroethini walipata saratani adimu ya ini. Masalia ya gesi hiyo huondolewa kwa mvuke wa maji.