Kibanzi Kilichobaki Ndani

Mwaka wa 1973 mbegu za mathenge zililetwa kutoka Brazil na Hawaii, zikapandwa karibu na Mombasa, kwenye machimbo ya Bamburi, ili kurudisha uhai katika ardhi iliyochimbwa mawe ya saruji. Miaka ya 1980 mti huo ukapandwa pia Baringo na Bura, na mwiba wake ukapata sifa mbaya: ukikuchoma, husemwa, umekutia sumu. Hayo hayo husemwa kuhusu mkunazi na mkindu, na hata kibanzi cha boriti ya mkoko kinachomwingia fundi kidoleni. Si uongo mtupu, kwani miba mingine huwasha nyama kweli, na utomvu wa mnyaa wa ua huunguza papo hapo. Lakini uvimbe unaoanza siku ya pili au ya tatu, ukapwita, ukawa na joto na hatimaye kutunga usaha, kwa kawaida ni kazi ya bakteria. Tofauti hiyo ina uzito, maana aliyejiaminisha kuwa ana sumu hutafuta cha kuivunja, na kumbe alihitaji kuoshwa kwa maji na sabuni na mwiba utolewe mzima.

Bakteria aina ya stafilokoki na streptokoki, ambao ndio hasa waletao majipu na vidonda vya usaha, tunaishi nao puani na kwenye ngozi bila madhara. Mwiba huwapa njia tu. Wengine, kama Pantoea, hukaa kwenye mimea yenyewe. Wakiingia ndani ya goti au kiungo cha kidole, kiungo huweza kuvimba wiki kadhaa baada ya tundu kuziba, na mgonjwa ameshausahau mwiba.

Mtu atasema wazee walichomwa maisha yao yote wakapona. Ni kweli, mwili hushinda mara nyingi. Ila wanaosimulia ni waliopona, na mwenye kisukari asiyehisi nyayo zake hana bahati hiyo. Mwingine atasema vidonge vipo duka la dawa, iwe Likoni au Changamwe. Vipo, na vikitumiwa kwa ushauri husaidia, lakini havimfikii vizuri bakteria aliyejibanza kwenye kipande cha mti: uvimbe hunywea, dozi ikiisha hurudi. Hapo dawa ni kukitoa, na kwa kuwa eksirei mara nyingi haioni mti, ultrasaundi hufaa zaidi. Ukiona mtoki kinenani, mstari mwekundu ukipanda mguuni au homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ipo pepopunda, ambayo hupenda tundu jembamba lenye kina lisilopata hewa. Wanawake huchanjwa dhidi yake wakiwa wajawazito. Wanaume wengi, na ndio wakwea minazi na wafyeka vichaka, hawajaiona sindano hiyo tangu uchanga.