Kilichomo na Kisichomo Kwenye Kikombe cha Kamomili

Kikombe kimoja cha chai ya rangi huwa na takriban miligramu 40 hadi 50 za kafeini. Saa tano hivi baadaye, nusu ya kiasi hicho bado inazunguka mwilini mwa mtu mzima mwenye afya. Ndiyo maana aliyekunywa chai kali saa mbili usiku anaweza kuwa macho hadi saa saba, anakodolea dari. Kafeini hukalia vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya kwenye ubongo tangu asubuhi na kutuletea usingizi. Mwili umechoka, lakini ubongo haujapata habari.

Kamomili haina kafeini hata chembe. Tena si kwamba imeondolewa kiwandani, kama inavyofanywa kahawa isiyo na kafeini, ambayo kwa kawaida hubakiwa na miligramu chache. Mmea wenyewe hauitengenezi. Chai ya rangi na chai ya kijani zote hutokana na majani ya Camellia sinensis, yaleyale yanayochumwa Kericho na Mufindi. Kamomili ni ua la jamii ya alizeti. Hata hivyo, si kila kinywaji cha mitishamba kiko hivyo: mate, inayopendwa sana Amerika Kusini, ina kafeini.

Zipo kamomili za aina mbili. Ya Kijerumani, Matricaria chamomilla, ndiyo inayojaza pakiti nyingi za dukani. Ya Kirumi ni Chamaemelum nobile. Ukitaka kuzitofautisha, pasua ua kwa wembe kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Kitovu cha njano cha ua la Kijerumani kina uwazi ndani, cha Kirumi kimejaa.

Misri ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kamomili duniani, na mkoa wa Fayoum, kusini-magharibi mwa Cairo, unasifika kwa zao hili. Huko maua huchumwa kwa mkono. Kwa kuwa hayafunguki yote kwa pamoja, wachumaji hulirudia shamba lilelile mara kadhaa katika msimu mmoja, wakichukua yaliyokomaa na kuyaacha machanga. Kisha maua hukaushwa. Ubora huonekana kwa macho: ua zima lenye kitovu cha njano na petali zake ni dalili ya kazi ya uangalifu, ilhali vumbi na vipande vya vikonyo vinaonyesha mchumo uliochanganywa.

Harufu yake tamu, inayokaribia ya tufaha, inatokana na mafuta yanayopaa kirahisi. Mafuta hayo yana ajabu yake: maua meupe na ya njano yakikamuliwa kwa mvuke hutoa mafuta ya rangi ya buluu. Joto hugeuza matrisini, isiyo na rangi, kuwa kamazulini, ambayo ndiyo yenye buluu hiyo.

Kwa hiyo namna ya kuiandaa ina uzito wake. Kamomili haitokoswi jikoni kama chai ya maziwa. Wakala wa Dawa wa Ulaya unataja gramu 1.5 hadi 4 za maua makavu kwa mililita 150 za maji yaliyochemka. Mimina maji juu ya maua, funika kikombe kwa kisahani, ngoja dakika tano hadi kumi, kisha chuja. Kikombe kikiachwa wazi, mafuta yanapotea na mvuke.

Je, inaleta usingizi? Mwaka 1995 watafiti wa Argentina walionyesha kuwa apigenini, mojawapo ya kemikali za ua hili, hushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoguswa na baadhi ya dawa za kutuliza wasiwasi. Matokeo kwa binadamu ni ya wastani zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha watu 34 wenye tatizo sugu la kukosa usingizi, na vidonge vya kamomili havikuonyesha tofauti ya wazi na vidonge visivyo na dawa. Nchini Taiwan, akina mama 80 waliojifungua walishirikishwa katika utafiti mwingine. Waliokunywa kamomili kwa wiki mbili walipata nafuu kiasi ya dalili za usingizi mbaya, lakini wiki nne baada ya kuacha nafuu hiyo haikuonekana tena. Kwa mtu aliyezoea chai kali usiku, faida iliyo dhahiri zaidi ni ile kafeini ambayo hakuinywa.

Upole wa kinywaji hiki usimfanye mtu akakisahau kwenye orodha ya vitu anavyotumia. Mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti anaweza kupata vipele, au hata kubanwa pumzi. Watoto wachanga wasipewe: nchini Argentina, baadhi ya sampuli za kamomili zilikutwa na spora za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauna kinga ya kutosha dhidi yake. Mwaka 2006 madaktari wa Montreal waliripoti habari za mama wa miaka 70 aliyekuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Alivuja damu ndani ya mwili baada ya kunywa vikombe vinne hadi vitano vya kamomili kwa siku na kujipaka losheni yake. Anayetumia dawa ya namna hiyo amuulize daktari au mfamasia kabla ya kuifanya kamomili kuwa kinywaji chake cha kila jioni.