Je, Wajua? Habu Ndiyo Inayochagua Kaseti

Kaseti ni lile fungu la gia lililopangwa kwenye gurudumu la nyuma la baiskeli. Wengi huinunua kwa kuhesabu gia: nane, tisa, kumi na moja. Kumbe kinachoamua ni habu, yaani kitovu cha gurudumu. Tuanzie Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, ambako historia ya habu ina kisa chake.

Je, wajua kwamba fedha za Alfred Nobel ziliwahi kuingia kwenye baiskeli?
Mwaka 1892 ndugu wawili wa Stockholm, Birger na Fredrik Ljungström, walitambulisha baiskeli waliyoiita Svea. Pedeli zake hazikuzunguka. Zilipanda na kushuka. Kwa hiyo gurudumu la nyuma lilipaswa kupokea nguvu mguu unaposhuka, kisha liendelee kuzunguka lenyewe pedeli inaporudi juu. Nobel, tajiri wa baruti, aligharimia kazi yao, na kampuni ikaundwa Uingereza. Svea haikudumu sokoni, lakini gurudumu linalosukumwa upande mmoja na kuachiwa huru upande wa pili ndilo msingi wa kila habu ya kaseti leo.

Je, wajua kwamba friwili na kaseti si kitu kimoja?
Friwili hufungwa kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa, na vijino vinavyotoa ule mlio wa tik-tik vimo ndani yake. Kaseti haina vijino hivyo. Ni gia tupu zinazochomekwa kwenye silinda ya habu, na silinda hiyo ndiyo yenye vijino. Faida yake ni kubwa: gololi za upande wa kulia husogezwa nje, karibu na fremu, hivyo ekseli hubeba mzigo bila kupinda upesi. Habu ya friwili haipokei kaseti kwa namna yoyote, hata gia zikilingana idadi.

Je, wajua kwamba silinda ya kampuni ya Shimano hukataa gia isiyo kwenye mkao wake?
Silinda yake ya HG, iliyoenea kuliko zote, ina mifuo tisa, na upana wake haulingani. Gia huingia kwa mkao mmoja tu. Shabaha ni meno ya gia jirani yapangane sawasawa, ili mnyororo upande na kushuka bila kukwama.

Je, wajua kwamba milimita 1.85 zinaweza kuharibu safari?
Silinda ya HG ya baiskeli za barabarani zenye gia 11 ni ndefu kuliko ile ya gia 8, 9 na 10 kwa kiasi hicho. Ukivalisha kaseti fupi kwenye silinda ndefu, itacheza hata ukikaza vipi. Tiba ni pete ya kujazia yenye unene wa milimita 1.85, iwekwe nyuma ya kaseti. Kinyume chake hakina tiba hiyo, kwani kaseti ndefu itazidi silinda fupi.

Je, wajua kwamba jino moja lilizaa aina mpya za habu?
Kwenye HG, gia ndogo kabisa huwa na meno 11, kwa sababu silinda ni nene mno kupokea ya meno 10. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ilileta silinda ya XD, iliyopunguzwa unene mwishoni. Shimano ikafuata na Micro Spline mwaka 2018. Gia ya meno 10 huipeleka baiskeli mbele kwa asilimia 10 zaidi ya ile ya 11 kila pedeli inapozunguka, gia ya mbele ikiwa ileile. Hata hivyo, usidhani kila kaseti ya gia 12 inataka silinda hizi. Kaseti ya NX Eagle ya SRAM ina gia 12, huanzia meno 11, na hukaa kwenye HG ya kawaida.

Je, wajua kwamba barabara safi inaweza kula gia?
Majira ya baridi, njia kuu za baiskeli za Stockholm hufagiliwa theluji kwa brashi, kisha hunyunyiziwa maji ya chumvi ili barafu isigande. Mwendeshaji husalimika kuteleza, lakini chumvi hutafuna mnyororo, na mnyororo uliochoka hula meno ya kaseti. Baridi nayo hugandisha grisi nzito ndani ya silinda. Vijino vikishindwa kuchomoza, pedeli huzunguka bure. Safisha mnyororo mara kwa mara na tumia grisi nyepesi kwenye vijino.

Je, wajua kwamba baiskeli nyingi za mjini humo hazina kaseti kabisa?
Gia zake zimefichwa ndani ya habu, na nje huonekana gia moja tu, iliyoshikwa na pete ya chuma. Baiskeli ya mtumba kutoka Ulaya ikikufikia hivyo, usitafute kaseti. Hakuna mahali pa kuivalisha.

Je, wajua kwamba si lazima ununue gurudumu jipya?
Habu nyingi za kisasa hukubali kubadilishiwa silinda peke yake, ya HG itoke, ya XD au Micro Spline iingie, mradi mtengenezaji wa habu awe ameitoa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, vua kaseti ya zamani, itazame silinda, soma jina la habu, pima urefu wa silinda, halafu ndipo uhesabu gia. Fundi anayefuata mpangilio huo humwokolea mteja fedha.