Mcheza Kwao Hutuzwa, Mchongaji Je?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Sisi watu wa pwani twaijua tuzo tangu zamani: mwimbaji akiimba vizuri ukumbini, watu huinuka wakamtuza. Siku hizi makampuni nayo hutuza. Mfanyakazi aliyetumika miaka 25 huitwa mbele ya wenzake, akapigiwa makofi na kukabidhiwa kombe. Mara nyingi kombe lenyewe limetoka ng'ambo, wala halina tofauti na lile la mpira wa miguu.

Ilhali mafundi wa kutuchongea tuzo za kwetu wapo. Ukishika barabara ya Thika kwenda Garissa utapita Mwingi, mji wa Kitui ya kaskazini, katika nchi kavu ya Wakamba. Watu hawa ni mafundi wa miti tangu asili. Viti vya wazee vya miguu mitatu, vilivyotiwa nakshi za waya wa shaba, vilikuwapo kabla hajafika mtalii. Sanamu za kuuza zilikuja baadaye. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, huko Machakos, alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nayo na kuwafunza jamaa zake. Ikaenea Ukambani, ikashuka hadi Mombasa, ambako wachongaji walianzisha chama chao cha ushirika Changamwe mwaka 1963.

Lakini kazi ya tuzo si kazi ya soko. Twiga wa sokoni huchongwa kwa mamia, na yeyote aweza kumnunua. Tuzo ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo fundi sharti aulize kwanza: anayetuzwa ni nani, amefanya nini, ataiweka wapi? Simba wa mti huenda akampendeza mmoja. Mwislamu asiyetaka sanamu ya kiumbe nyumbani mwake atamfungia kabatini. Huyo achongewe kiti kidogo cha miguu mitatu, au ubao wa nakshi za maua na minyororo kama za milango ya Lamu. Heshima isiyomfaa mwenyewe si heshima.

Kisha huchaguliwa gogo. Mpingo ni mzito hata huzama majini, tena hukua polepole mno. Muhugu nao umekatwa kupita kiasi. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini, mti tulio nao tele pwani. Mti mbichi hupasuka, basi lazima ukaushwe. Tezo hutoa umbo, patasi na kisu hutia mapambo, msasa hulainisha, nta hung'arisha. Mwisho hubandikwa kibamba cha shaba chenye jina la mtuzwa, jina la kampuni na mwaka.

Hapo ndipo penye dhuluma. Jina la mchongaji kwa kawaida halimo. Twamheshimu mtu kwa jasho la mtu mwingine tusiyemtaja. Na fundi ajulikanaye kwa jina hutafutwa tena. Asiyejulikana hubaki akipatana bei na mchuuzi.

Basi wewe unayeagiza tuzo, ongeza mstari mmoja chini ya kitako chake: jina la fundi na kijiji chake. Ni herufi chache tu, na kwazo fundi wa Mwingi naye atakuwa ametuzwa kwao.