Kabla ya kufunga mzigo, tazama tairi la bodaboda

Mfanyabiashara wa mpakani anajua ushuru, anajua bei ya soko la ng'ambo na anajua siku ya gulio. Jambo moja humpita mara nyingi, nalo ni tairi la pikipiki inayobeba mali yake. Ukishatoka forodhani, lami mara nyingi haikufikishi hadi sokoni. Unaingia njia ya changarawe, kisha vumbi, kisha kipande cha mchanga ambacho pikipiki inayumba kama mtumbwi. Trei za mayai zikimwagika hapo, nyanya zikipondeka au magunia yakichanika, hasara ni ya mwenye mzigo.

Wengi hudhani dawa ya mchanga ni kununua tairi lenye meno makubwa kuliko yote dukani. Sivyo. Kwa anayebeba mzigo katika njia mchanganyiko, tairi huchaguliwa kwa kufuata sehemu ndefu ya safari. Kipande kifupi cha mchanga hushindwa kwa tairi zuri la mbele, upepo sahihi na mzigo uliofungwa vizuri.

Pima njia yako kwanza

Mipaka yetu haifanani. Ukiacha barabara kuu ya Horohoro na Lunga Lunga na kushuka kwenye vijiji vya ufukweni upande wa Vanga, udongo ni wa kichanga. Ukiacha lami ya Namanga na kuingia vijijini upande wa Longido, unakutana na vumbi laini lililofunika mashimo na mawe. Turkana, kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, njia za pembeni huvuka laga, yaani mito mikavu iliyojaa mchanga. Goma nako, jirani na Rubavu, kuna mawe makali ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena 2021. Tairi linalofaa laga linaweza kuchakaa upesi juu ya mawe ya Goma.

Kwa hiyo andika safari yako kwenye karatasi. Kilomita ngapi za lami? Ngapi za changarawe? Ngapi za mchanga? Tuseme safari ni kilomita 40, ambapo 25 ni lami, 12 ni changarawe na 3 ni mchanga. Hiyo ni safari ya lami na changarawe yenye kipande cha mchanga. Mwenye safari ya kilomita 40 ambazo 30 ni mchanga anahitaji tairi tofauti kabisa, hata kama wote wawili wanapita mpaka mmoja.

Meno ya tairi, au kashata

Meno ya tairi, ambayo mafundi wengi huyaita kashata, yako ya namna tatu.

La kwanza ni tairi la lami. Meno yake ni mafupi, yamekaribiana, na la mbele mara nyingi lina mistari mirefu inayozunguka. Linatulia kwenye lami na linadumu. Kwenye mchanga halina cha kushika, na tairi la mbele huenda linakotaka lenyewe.

La pili ni tairi la meno marefu yaliyoachana, kama la pikipiki za mashindano ya porini. Nafasi kati ya meno huruhusu mchanga na tope kudondoka, hivyo tairi hupata mshiko mpya kila linapozunguka. Kwenye lami mambo hugeuka: linatetemesha pikipiki, eneo linalogusa barabara ni dogo, breki huchelewa hasa mvua ikinyesha, na meno huisha haraka. Juu ya mawe na chini ya mzigo mzito, meno marefu hupinda na hata kung'oka vipande.

La tatu ni tairi la mchanganyiko. Meno yake ni ya urefu wa kati, mapana, yenye mifereji inayoonekana wazi. Si bingwa wa mchanga wala wa lami, lakini linakufikisha kote. Kwa safari nyingi za biashara za mpakani, hili ndilo la kuanza nalo. La meno marefu liachiwe anayeishi kwenye mchanga na kugusa lami kwa nadra.

Usisahau tairi la mbele

Madereva wengi hutumia pesa kwenye tairi la nyuma, kwa sababu ndilo linalosukuma na kubeba, na la mbele huachwa mpaka liwe kipara. Kwenye mchanga hilo ni kosa. Tairi la nyuma likikosa mshiko, pikipiki inakwama na mnaisukuma. Tairi la mbele likikosa mshiko, linazama, usukani unajikunja na mzigo unakwenda chini pamoja na dereva.

Kama fedha inatosha tairi moja tu la mchanganyiko, na la nyuma bado lina meno, lifungwe mbele. Hakikisha ni la mbele kweli au linaruhusiwa pande zote mbili. Ubavuni kuna mshale unaoonyesha mwelekeo wa kuzunguka. Fundi akiufunga kinyume, meno hayafanyi kazi yake.

Namba za ubavuni zinasema nini

Bodaboda nyingi za eneo letu hutumia tairi la 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na nyingine hutumia ringi ya 18. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni ukubwa wa ringi. Fuata vipimo vya pikipiki yako. Tairi pana kupita kiasi linaweza kukwaruza mnyororo au madigadi.

Baada ya ukubwa kuna namba ya uzito, na hii ndiyo inayomhusu mwenye mzigo. Tairi mbili za 3.00-17 zinaweza kuonekana sawa, lakini moja imeandikwa 45P na nyingine 50P. Namba 45 maana yake tairi linabeba kilo 165. Namba 50 ni kilo 190. Herufi P inahusu mwendo, usiozidi kilomita 150 kwa saa.

Fanya hesabu. Pikipiki ina kilo kama 120, na karibu nusu inaegemea nyuma: 60. Dereva wa kilo 70 anaweka nyuma kama 45. Magunia mawili ya kilo 50 yaliyokaa juu ya keria yanaongeza 100. Jumla ni kilo 205. Hata tairi la 50 limeshazidiwa, na lile la 45 limezidiwa kwa kilo 40. Kwenye lami huenda ukafika salama. Kwenye mashimo ya changarawe, tairi lililozidiwa hupata joto, nyuzi za ndani hukatika na ubavu hutoa uvimbe. Punguza mzigo au gawa safari mbili.

Upepo ndio siri ya mchanga

Tairi lililojaa upepo huzama mchangani kama kisu. Upepo ukipungua kidogo, tairi hukaa chini kwa eneo refu zaidi na kuelea juu ya mchanga. Pikipiki yenye mzigo ikiwa na psi 32 nyuma, kushusha robo, yaani hadi 24, kunatosha kuleta tofauti. Isiyo na mzigo inaweza kushuka hadi karibu 20.

Usizidishe. Tairi la tyubu likilegea mno, ringi hubana tyubu kwenye jiwe na kutoboa matundu mawili yaliyo sambamba. Tairi pia linaweza kuteleza juu ya ringi, likavuta tyubu na kung'oa mahali pa kujazia upepo. Pancha ya namna hiyo haizibiki.

Ukishatoa upepo, nenda taratibu, na ukifika njia ngumu jaza tena kabla ya kuendelea. Hivyo dereva anahitaji vitu vitatu: pampu ya mkono, geji ya upepo, na tyubu ya akiba. Kukadiria kwa kubonyeza kidole hakutoshi.

Mzigo nao uwekwe mbele na chini kadiri inavyowezekana. Ukining'inia nyuma ya keria, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hukosa utiifu. Ndani ya mchanga dereva avute mafuta kwa utulivu, asipinde ghafla, na asikamate breki ya mbele.

Unaponunua

Tafuta ubavuni alama ya DOT na tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 3523, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi linaweza kung'aa dukani na bado likawa limezeeka. Lipinde kidogo, ukiona nyufa ndogo kati ya meno, liache. Jihadhari pia na tairi kipara lililochongwa meno upya kwa kisu. Mifereji yake haina kina sawa, na wakati mwingine nyuzi zinachungulia.

Bei ipime kwa safari. Tuseme tairi la bei ya 60 linadumu safari 100, na la bei ya 90 linadumu safari 200. La kwanza linakugharimu 0.60 kila safari, la pili 0.45. Lililoonekana rahisi ndilo ghali, bado hujahesabu pancha na siku za soko zilizopotea.

Kama unavuka mpaka kununua matairi ya kuuza, kumbuka jambo la forodha. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Tairi lililotengenezwa China au India halipati nafasi hiyo kwa sababu tu limenunuliwa kwa jirani. Uliza ofisi ya forodha kabla ya kulipa, na tunza risiti.

Patana kabla ya kupakia

Mwenye mzigo asiyemiliki pikipiki bado ana sauti. Kabla ya kufunga kamba, zunguka pikipiki. Meno ya mbele yapo? Ubavu una uvimbe? Pampu ipo? Kama wewe na dereva mnafanya kazi kila wiki, zungumzeni kuhusu kuchangia tairi la mbele na kukatana kidogo kidogo kwenye nauli. Dereva anapata tairi asilomudu kwa mkupuo, nawe unapata uhakika kwamba mali yako itavuka mchanga. Na kama tairi ni kipara na dereva anakuambia twende tu, tafuta pikipiki nyingine. Pikipiki hazikosekani mpakani, lakini mtaji ukimwagika mchangani haukusanyiki.