Kabla ya kununua hedifoni za gemu na muziki, jiulize ni nani anayekuita

Masika iliyopita, jioni moja, mamangu aliteleza kwenye ngazi za uani, hapa kwetu Ukunda. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na simiti ina utelezi. Akakaa pale pale chini, akamwita mpwa wangu aliyekuwa sebuleni, hatua kumi tu kutoka kwake. Akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana hakuitika. Masikio yake yalikuwa ndani ya hedifoni kubwa zenye taa nyekundu, naye yuko vitani kwenye Call of Duty.

Alhamdulillahi, hakuvunjika. Kifundo cha mguu kilivimba, akakichua kwa mafuta ya nazi, kikapona. Mimi nilirudi kutoka msikitini baada ya Magharibi nikamkuta bado amekaa chini, na nilipomfokea kijana aliniambia, "Mjomba, wallahi sikusikia." Alikuwa akisema kweli. Hedifoni zile zilitengenezwa ili asisikie. Na aliyezinunua ni mimi, katika duka moja Mombasa, kwa sababu boksi liliandikwa "7.1" na muuzaji aliniapia kwamba ndizo za gemu.

Tangu siku ile nimejifunza jambo ambalo ningependa wazazi na vijana wa huku kwetu, kuanzia Tiwi hadi Msambweni, walijue kabla ya kuvuka feri na pesa mfukoni. Wengi wetu tunauliza chapa na besi. Swali la kwanza lilipaswa kuwa: utakaa wapi ukizivaa, na ni nani atahitaji kukuita?

Hedifoni wazi ni zipi?

Chukua hedifoni yoyote ya kufunika sikio, utazame upande wake wa nje. Ikiwa kikombe kimezibwa kwa plastiki ngumu, hiyo ni hedifoni iliyozibwa. Ikiwa kina wavu au matundu, na ukiisogeza kwenye mwanga karibu unaona spika ndogo iliyo ndani, hiyo ni hedifoni wazi.

Tofauti yake si urembo. Spika inapotikisika hutoa sauti pande zote mbili, mbele kwenye sikio na nyuma kwenye kikombe. Kwenye hedifoni iliyozibwa, sauti ya nyuma haina pa kwenda. Hugonga ukuta wa kikombe na kurudi, na isipodhibitiwa vizuri huchanganyika na ile ya mbele, ukasikia kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Kwenye hedifoni wazi sauti hiyo hutoka nje ikapotea. Kinachobaki husikika kikiwa na nafasi, kana kwamba waimbaji wamekaa mbele yako barazani.

Wazo hili si geni. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414 mwaka 1968, hedifoni nyepesi zenye sponji za manjano, ambazo ndizo za kwanza za aina ya wazi kuuzwa madukani. Hadi leo, hedifoni nyingi za bei kubwa kabisa za kusikilizia muziki nyumbani ni za aina hii.

Kwa nini zinafaa muziki na gemu kwa pamoja

Suala la muziki na dini nawaachia masheikh. Mimi nilizijaribu kwa vitu vitatu ninavyovijua vizuri. Cha kwanza ni kisomo cha Sheikh Abdulbasit Abdulsamad wa Misri. Kwenye hedifoni za taa nyekundu sauti yake ilikuwa nzito, imevimba. Kwenye zilizo wazi niliisikia pumzi akiivuta kabla ya kuanza aya. Cha pili ni rekodi ya Culture Musical Club ya Zanzibar: nilijua kanuni iko upande gani na fidla ziko upande gani. Cha tatu ni kanda ya zamani ya Juma Bhalo. Hapa upana haukuongezeka, kwa kuwa rekodi yenyewe haina, na mkwaruzo wa tepu ulisikika wazi zaidi. Hedifoni nzuri haifichi aibu ya rekodi.

Sasa gemu. Katika michezo kama Counter-Strike au PUBG, anayepona ni yule anayesikia nyayo za adui na kujua zinatoka wapi. Nyayo ni sauti ndogo. Besi nzito ya mabomu huzifunika, kama ngoma ya harusi inavyofunika maneno ya mtu aliye karibu nawe. Hedifoni zinazouzwa kwa jina la gemu mara nyingi huongezewa besi ili mlipuko usisimue, na hapo ndipo nyayo zinapopotea. Hedifoni wazi zina besi nyepesi na nafasi kubwa zaidi. Sifa ile ile inayokuonyesha kanuni ilipo ndiyo inayokuonyesha adui alipo. Ndiyo maana jozi moja inaweza kufanya kazi zote mbili.

Na ile "7.1" ya boksini? Hedifoni nyingi zenye maandishi hayo zina spika mbili tu, kulia na kushoto. Yaliyobaki ni kazi ya programu. Programu hizo unaweza kuzipata bila kununua boksi lile. Windows ina Windows Sonic bila malipo, na PlayStation 5 hutoa sauti yake ya pande zote kwa hedifoni yoyote ya stereo unayochomeka kwenye kontrola. Ikiwa gemu yenyewe ina mpangilio wa hedifoni, tumia huo peke yake. Ukiwasha mbili kwa pamoja unaharibu zote.

Faida za kwetu Pwani

Kuna faida ambazo mtu wa Ulaya hazitaji, lakini sisi tunazihitaji. Miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, sikio lililofungiwa ndani ya mto wa ngozi bandia hutoka jasho kama liko jikoni. Baada ya mwaka mmoja ngozi ile huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni. Hedifoni wazi nyingi huwa na mito ya kitambaa, na hewa hupita.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba unausikia ulimwengu. Unasikia adhana. Unasikia hodi mlangoni. Unasikia bibi akiita. Pia unaisikia sauti yako mwenyewe, kwa hivyo kijana anayezungumza na wenzake mtandaoni hapigi kelele saa nne za usiku kama kwamba wako ng'ambo ya mto.

Mahali ambapo hazifai

Kinachoingia hutoka pia. Aliyekaa karibu nawe atasikia unachosikiliza. Kama watoto watatu wanalala chumba kimoja na mmoja anacheza gemu usiku, hedifoni wazi zitawanyima usingizi wengine. Kama unazitaka kwa matatu ya Likoni au Lunga Lunga, usizinunue kabisa. Injini na honi zitaingia zote, nawe utaongeza sauti ili uzishinde.

Hapo pana hatari ya kweli. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuhatarisha masikio yake. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama hugawanyika nusu. Desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Kijana anayecheza saa nne kila siku hufikisha saa 28 kwa wiki, bila kuhesabu muziki. Usikivu ukipotea kwa kelele haurudi, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Kwa hiyo kama feni ya kusimama inavuma ubavuni mwako, au jirani ana jenereta, sogea kwanza au zima kinachovuma. Ukishindwa, hedifoni zilizozibwa kwa sauti ya chini ni salama kuliko zilizo wazi kwa sauti ya juu.

Bei ya kati, na zipi za kutazama

Huko nje hedifoni wazi za bei ya kati huuzwa kati ya dola 80 na 200 hivi. Kwa dola moja ya shilingi 129, hiyo ni kama shilingi 10,000 hadi 26,000 kabla ya nauli, ushuru na VAT ya asilimia 16. Ni pesa nyingi. Nataja nne ambazo sifa zake zinajulikana.

Philips SHP9500 ni nyepesi, ukinzani wake ni omu 32, na waya wake huchomoka. Simu, laputopu au kontrola inaziendesha bila shida. Besi yake ni ndogo, na mito yake si rahisi kubadilisha.

Audio-Technica ATH-AD700X ina omu 38 na nafasi pana sana ya sauti. Wachezaji gemu wanaipenda kwa nyayo. Anayetaka singeli imtikise kifua atavunjika moyo.

Sennheiser HD 560S ilitoka mwaka 2020. Ina omu 120, waya wa kuchomoka wa mita tatu, na sauti isiyoegemea upande wowote. Kama ni kuchagua moja ya kazi zote mbili na pesa ipo, ningeanzia hapa.

Beyerdynamic DT 990 Pro inayopatikana sana ni ya omu 250. Ina besi ya kutosha kwa hedifoni wazi, lakini sauti nyembamba ni kali, na wengine huchoka nayo. Waya wake hauchomoki.

Namba za omu zisikutishe. Omu nyingi zinahitaji volti nyingi zaidi ili sauti ifike juu. Ya omu 250 ukiichomeka kwenye kontrola utapata sauti ndogo, nawe utalazimika kuongeza gharama ya amplifaya. Kwa mwenye kontrola au simu tu, zile za omu 32 hadi 40 ndizo za kuanzia.

Nyingi ya hedifoni hizi hazina maikrofoni. Nunua ndogo ya kubana kwenye shati au ya kusimama mezani, na uiweke mbali kidogo na sikio ili isinase sauti inayovuja. Bluetooth ni ya kukwepa kwa gemu. Sauti hufika imechelewa, risasi unaiona kabla ya kuisikia, na PlayStation 5 yenyewe haipokei hedifoni za Bluetooth moja kwa moja.

Ukifika dukani

Nenda na simu yako, rekodi zako tatu, na adapta ya kuchomekea waya kama simu haina tundu. Usikubali wimbo wa muuzaji. Sikiliza kwanza kwa sauti ya chini, kwa sababu kasoro nyingi hujificha kwenye kelele. Hakikisha kulia ni kulia na kushoto ni kushoto. Tikisa waya karibu na pini. Sauti ikikatika, rudisha. Zivae dakika kumi, usione aya. Hedifoni inayobana taya dakika ya kumi itakuumiza saa ya pili. Kama ni za mtumba, kagua pini na wavu. Chumvi ya bahari hula pini, na vumbi la mchanga likipita kwenye wavu hukwaruza spika.

Ukishanunua, usiziache dirishani kwenye upepo wa kusi. Zifute kwa kitambaa kikavu na uzirudishe kwenye boksi.

Sisi tulipata SHP9500, kwa mkono wa binamu aliyekuja likizo kutoka Maskati. Wiki ya kwanza mpwa wangu alilalamika kwamba mabomu yamekuwa baridi. Wiki ya tatu akaniambia sasa anawasikia wanaomnyemelea kwa nyuma. Zile za taa nyekundu zipo kabatini. Huzitumia safarini, kwa sauti ya chini.

Juzi nilikuwa chumbani nikiandika makala haya. Mamangu aliita kutoka uani, sauti yake ya kawaida, akitaka kusaidiwa kuanua nguo kabla ya mvua. Kabla sijainuka nilisikia kiti kikisogezwa sebuleni, na kijana akajibu, "Labeka, bibi." Aliacha gemu katikati. Nadhani alipigwa risasi, lakini nguo hazikulowa.